Mwisho Ulionisimulia Wewe

Swaleh mwanangu,

Salamu na dua utazipata kesho kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hivyo hapa naziruka. Sasa hivi umetoka kwenda kuagana na wenzako kule ufuoni Mama Ngina, na ninavyowajua nyinyi, mihogo ya kukaanga na mazungumzo havitaisha mapema. Nimekaa kwenye meza yako kwa sababu ndiyo pekee isiyokuwa na vitu juu yake. Nimechoka, Swaleh. Nimetoka kazini miguu imevimba, nikapiga pasi mashati, nikafunga sanduku lako, nikalifungua tena kwa kuwa sikukumbuka kama nimetia sweta ya pili. Nimeitia. Habari za sweta, na baridi ya Eldoret, na kutolala na nywele mbichi, nimezisema wiki nzima mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Leo nimezichoka hata mimi.

Nina neno jengine. Kuna jambo nimekuficha, na nikikwambia huenda kesho usipande treni. Usipopanda, nafasi yako ya chuo itakwenda kwa mwengine. Mwaka jana uliiahirisha kwa ajili yangu wakakubali, na safari hii wamesema wazi kwamba hawatangoja tena. Nisipokwambia, utakwenda bila wasiwasi, nami nitabaki na jambo langu kifuani. Nimekuwa nikipima hili na lile nikiwa kazini, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye msala nikiswali, na bado sijui kama ninafanya sawa. Nitakwambia, lakini siwezi kuanza nalo. Niache nianze na filamu.

Jumamosi iliyopita nilikwambia ninakwenda ofisini kumalizia makaratasi ya mzigo. Sikwenda ofisini. Nilikwenda Nyali, sinema. Wamezirudisha filamu zote za Tarin kwa likizo hii, moja kila siku, na Jumamosi ilikuwa zamu ya ile ya mwisho. Nilikwenda na Kavata, yule tunayekaa naye meza moja kazini, kwa sababu yeye na mwanawe wanazipenda hadithi hizo kama mulivyozipenda wewe na babako. Sikutaka ujue. Nilitaka nimuone Orvo na duka lake la mikate, kwa macho yangu, mara moja tu, kabla hujaondoka.

Wewe unajua nilichokiona. Usishtuke, sikulaumu. Endelea kusoma.

Nataka nikukumbushe tulikotoka, kwa sababu ulikuwa mdogo na huenda unakumbuka hadithi tu. Kitabu cha kwanza babako, Mungu amrehemu, alikinunua kwa wauza vitabu vikuukuu karibu na posta. Jalada limetoka, kurasa za mwanzo zina madoa ya chai ya mtu. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza chako wakati ule kilikuwa cha kumsalimia mwalimu basi. Kwa hivyo babako alikuwa akirudi kutoka bandarini, anaoga, anasoma ukurasa kimoyomoyo, anatia kidole katikati ya kitabu, kisha anakusimulia kwa Kimvita. Tarin yatima, na mji uliojengwa ukingoni mwa korongo, na ukungu wenye watu ndani yake, na daraja la kamba linalolindwa na mzee kipofu, Orvo, aliyemlea Tarin kama mwanawe. Sauti ya Orvo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa akikunja shingo, anafumba macho, anamwita Tarin avuke naye, "Ndoo hapa, kijana. Mato sina, lakini ndia naijua kuliko weye." Nawe unacheka mpaka unashikwa na kwikwi.

Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga wa mahamri, nikiwapigia kelele kwamba hizo habari za mizimu zitakutia ndoto mbaya. Kumbe masikio yangu yote yako kwenu. Siku moja mulisoma nikiwa nimekwenda hitimani kwa jirani, nikarudi nikakuta Tarin ashatoroka gerezani. Sikusema na babako mpaka akairudia sura ile yote kuanzia mwanzo.

"Si weye uliyesema ni mizimu?" akaniuliza.

"Soma, bwana. Usinicheze."

Filamu zilipoanza kutoka tukawa na desturi yetu. Sisi watatu, safu ya katikati, babako na kanzu yake ya Ijumaa utadhani anakwenda kuposa, mimi na visheti ndani ya mkoba kwa kuwa sikuona sababu ya kula bisi zao zisizo na ladha. Na kila mara babako alilalamika kwa sauti kwamba Orvo wa filamu amekosewa, hasemi hivyo. Watu wa mbele wakageuka kututazama. Wewe ukajificha ndani ya kiti kwa haya. Tulikuwa na furaha kubwa wakati ule, Swaleh, na mimi nikarudi nyumbani nikinung'unika kwamba sinema ina baridi.

Kitabu cha mwisho babako alikiweka juu ya kabati. Alisema mutakisoma ukimaliza mtihani wa kidato cha nne, kisha tutakwenda kuiona filamu yake. Wakati huo alikuwa ameshaanza kukonda.

Hapa ndipo penye kosa langu, na wewe unalijua, lakini hatujawahi kulizungumza tukiwa tumetulia. Alipolazwa, mimi na yeye tulipatana pale pale wodini kwamba wewe usijue mpaka mtihani uishe. Nilikwambia yuko Malaba, mizigo imekwama mpakani, na simu haishiki vizuri. Uliamini kwa sababu kazi yake ya kutoa mizigo ilimpeleka huko kweli mara nyingi. Naye alikuwa akikupigia kutoka kitandani, anajifunika shuka mpaka kichwani ili usisikie sauti za wauguzi, anakwambia Malaba mvua haikatiki na matope yamefika magotini. Nilisimama kando ya kitanda nikimtazama anavyoibuni hiyo mvua. Sikuona haya. Nilijisifu, mwanangu. Nilijiona mama hodari, anayemlinda mwanawe kwa mikono miwili.

Na wewe kila asubuhi ulikuwa ukipita mbele ya hospitali ile ile ukienda kufanya mtihani.

Siku ya karatasi ya mwisho ulirudi mbio, wenzako wamekujaza majina yao kwenye shati kwa kalamu. Nikakukalisha barazani nikakwambia. Hukulia. Uliniuliza ni tangu lini, nikakutajia, ukazihesabu siku kwa vidole. Kisha ukasema, "Bora mungeniambia nifeli, Mama. Mtihani si hurudiwa?"

Ulipata kukaa naye wiki chache, lakini alikuwa hawezi tena kusimulia, na wakati mwengi alilala. Kitabu kikabaki juu ya kabati. Hukutaka kukifungua peke yako, nami Kiingereza changu ni cha makaratasi ya forodha, cha hadithi hunitoa jasho. Mpaka leo kipo pale, na vumbi lake.

Babako akafa, nami nikaingia eda. Unakumbuka yalivyokuwa. Nguo nyeupe, bila manukato, bila wanja, ndani ya nyumba miezi minne na siku kumi. Ofisi walinitumia kazi nikaifanya kwa kompyuta kwenye kitanda. Amina dadangu alitoka Lamu kuja kukaa nami, na pasi na yeye sijui ningekula nini. Ndipo filamu ya mwisho ikaja mjini. Ulisema huendi. Ulisema tulikuwa watatu na hutakwenda kukaa peke yako katikati ya safu kama mtu aliyepotea. Nikakwambia, "Sasa tumebaki wawili, na mmoja amefungiwa ndani. Nenda, kisha uniletee."

Ndivyo nilivyosema. Uniletee. Nilikuwa nakutuma kama ninayekutuma dukani.

Ulirudi baada ya isha, ukavua viatu, ukakaa mkekani na mgongo wako ukutani. Amina akakupa chai ukaiacha ikapoa. Ukatusimulia filamu nzima, kwa mikono, kwa sauti, na kila alipokuja Orvo ulikunja shingo kama babako. Sikujua kwamba unaijua sauti ile sawasawa hivyo. Mimi na Amina tulikuwa kama watoto, hatukohoi. Ukafika pale ukungu unapovuka korongo na daraja halina budi kukatwa. Ukakigusa kikombe cha chai ukakiacha. Nilidhani una kiu. Kisha ukasema Orvo alizikata kamba akaanguka mtoni, akaogelea, akaibukia ng'ambo amerowa chapachapa, na vita vilipokwisha akafungua duka la mikate mjini.

"Kipofu na tanuri?" Amina akauliza.

"Tarin ndiye aliyekuwa akiitoa mikate," ukajibu upesi. "Yeye akikanda tu."

"Na pesa je? Akizijuaje?"

"Kwa vidole, mama mdogo. Hakuna aliyemuibia hata mmoja."

Amina akashika kifua. "Alhamdulillahi. Maskini mzee wa watu."

Nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nivae nyeupe, na nikaona nawe umetabasamu, nikashukuru kwamba mwanangu amepata kitu cha kumfurahisha. Usiku ule nililala mpaka alfajiri. Na siku zilizofuata, Swaleh, nikiona kuta zinanikaribia, nilikuwa nikienda kwenye duka lile. Nililiweka hapa hapa mtaani kwetu Kibokoni, pale penye kona yenye kivuli. Nilimpangia Orvo rafu zake. Nilimpikisha mkate wa mofa asubuhi na mkate wa sinia Ijumaa, na nikamsikia akigombana na wateja kwa Kimvita. Niliwahi kumwambia Amina kwamba mkate wa mayai asiufanye, hautamtoka vizuri bila macho. Amina alidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mimi nilikuwa nimepata mahali pa kupumua.

Sasa nirudi Jumamosi.

Filamu ilikwenda kama ulivyosema, karibu neno kwa neno. Nilikuwa namnong'oneza Kavata yatakayokuja, akanipiga kofi mkononi ninyamaze. Tukafika kwenye daraja. Orvo akamwambia Tarin, "Nimesahau fimbo yangu. Tangulia, nakuja." Tarin akatangulia. Na yule mzee akageuka, akarudi kule kule kwenye ukungu, akipapasa mbao kwa miguu, akazikata kamba akiwa upande wa pili. Nilimuona akipiga magoti. Nilimuona Tarin akilia jina lake, na ukungu ukifunga. Mimi nikawa natazama maji chini. Nilikuwa nangoja aibuke.

Filamu ikaenda mbele, Tarin akazeeka, taa za sinema zikawaka, na vijana wa kufagia wakaingia na fagio zao. Nilikuwa bado nimekaa.

"Mbona hawajaonyesha duka?" nikamuuliza Kavata.

"Duka gani, Mama Swaleh?"

"La mikate. La yule mzee."

Kavata akanitazama vizuri. "Si huyo mzee amekufa? Ama ulilala?"

Nikamwambia eeh, nilisinzia kidogo. Hata pale nilishindwa kusema kweli.

Tuktuk ilinishusha karibu na Ngome ya Yesu, na sikuweza kwenda moja kwa moja nyumbani. Nilikaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, watu wakinipita na kunisalimia, nikiitikia sijui nini. Kwanza nilimkasirikia Orvo. Nilimkasirikia kweli, kwa ile fimbo. Nilisema moyoni, mtoto wa watu umemlea kwa mikono yako halafu unamuaga kwa uongo wa fimbo? Kisha nikamlilia babako upya, pale pale, chini ya buibui.

Halafu nikakufikiria wewe. Nilikuona ukitoka kwenye sinema ile ile, peke yako, umetoka kumtazama Orvo akifa na sauti ya babako iko masikioni mwako. Nilikuona ukivuka daraja la Nyali, ukipita vichochoro hivi, na katika njia hiyo ukaona haifai kumletea mjane maiti nyengine. Ulipofika mlangoni ulikuwa ushanijengea duka. Nani aliyelia na wewe, Swaleh? Hakuna. Mimi nilikuwa mkekani nacheka, nakuuliza habari za tanuri. Ulikuwa na msiba wako nami nikaufanya kazi ya kunifurahisha. Hilo ndilo linaloniuma, si kwamba ulinidanganya. Ulinidanganya vizuri sana, kwa huruma kubwa, na najua fika umejifunza kwa nani. Umejifunza kwangu, na kwa mtu aliyelala wodini akisimulia mvua ya Malaba.

Nilipoingia ndani uliinua kichwa kutoka kwenye sanduku ukaniuliza, "Kazini kulikuwaje, Mama?" Nikasema kulikuwa na mambo mengi. Ukanitengenezea chai.

Kazi yangu kutwa ni kuandika kilichomo ndani ya makontena ambayo sijayaona. Naandika mchele, naandika vipuri, kwa kuamini karatasi ya aliyepakia, na mara nyingi huwa ni kweli. Nimefanya hivyo miaka mingi bandarini Kilindini na nimezoea. Lakini sitaki kukujua wewe kwa namna hiyo. Niliwahi kujulikana hivyo na mamangu mzazi.

Hili sijakusimulia. Nilipoolewa nikaletwa Mombasa nilikuwa msichana, na kila Ijumaa nilimpigia simu mamangu Lamu. Akiniuliza hali, nikimjibu, "Njema tu, Mama. Sina neno." Nilikuwa na maneno chungu nzima. Kabla yako nilibeba mimba nyengine, ikatoka ikiwa imeshafika mbali, tukamzika mtoto. Sikumwambia. Nilisema ana presha, habari hizi zitamdhuru. Babako alinishauri nimwambie, nikamkatalia. Basi mamangu akazisikia harusini, kwa mtu aliyedhani anampa pole. Alinipigia usiku huo huo. Nilingoja anigombeze, angalau nimuombe radhi. Hakunigombeza. Aliniambia, "Kumbe mimi ni mgeni kwako, mwanangu?" Akanipa pole, akaniombea dua, akakata simu. Tangu siku ile mpaka anakufa, nikimwambia "njema tu", alikuwa akijibu "haya", kwa sauti ya mtu asiyeamini lakini hataki kukufedhehesha. Hata siku nilipokuzaa wewe nikampigia kwa furaha ya kweli, nilimsikia anangoja kidogo kabla ya kupiga vigelegele. Aliaga dunia bila kunijua vizuri. Hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemfungia mlango, kila Ijumaa, kwa maneno mazuri.

Sasa nimefika. Vumilia mwandiko wangu, umeanza kupinda.

Mwezi uliopita ulisema huendi Eldoret. Ulisema huwezi kuniacha peke yangu katika nyumba hii, na kwamba utatafuta kazi bandarini kama babako. Nikakwambia usijali, Amina anahamia kwangu, amekubali, atafika siku chache baada ya wewe kuondoka. Nilikuona ukishusha pumzi. Kesho yake ukaenda kukata tiketi.

Amina haji. Nilimuomba kweli, naye angependa, lakini mumewe hawezi kuachwa peke yake sasa, hali yake si nzuri. Alinijibu asubuhi, nami nikakudanganya jioni. Nilikuwa nimeshajua. Chumba nilichokuwa nikikitandika mbele ya macho yako, shuka jipya na mto mpya, nilikuwa nakitandikia mtu asiyekuja.

Nitakuwa peke yangu, Swaleh. Mchana sina shida, mchana nina kazi na Kavata na kelele za madereva. Ni magharibi inayonishinda. Nikirudi nikifungua mlango na hakuna anayeitikia hodi yangu, nadhani nitaogopa, na sijui nitaogopa mpaka lini. Huenda nikazoea. Huenda nikawa nakula nimesimama jikoni kama wanavyokula watu wasiokuwa na wa kula naye. Kavata amesema Jumapili akitoka kanisani atanipitia, na mke wa jirani amesema nibishe ukuta wakati wowote. Hayo ni ya kweli, hayana chumvi. Lakini si sawa na wewe na sitasema ni sawa.

Na bado nataka uende. Ukiniuliza kama nataka uende nitasema ndiyo, ukiniuliza kama nataka ubaki nitasema ndiyo, lakini ile ya kwanza ina nguvu zaidi. Ukibaki kwa ajili yangu mara ya pili nitakuwa nimekula ujana wako, na sitaumeza. Hilo nimelifikiria sana na silisemi ili nionekane mwema. Nimechoka kuonekana mwema.

Ninachokuomba ni kidogo, ingawa kwa watu wa nyumba hii ni kigumu. Usinifungulie duka jengine la mikate. Ukifeli, nipigie useme umefeli. Ukiwa huna rafiki hata mmoja na unakula peke yako chumbani, niambie hivyo hivyo. Ukimpenda mtu akakukataa, sitacheka, au nitacheka kidogo kisha nitakusikiliza. Hutaniua kwa habari zako. Nimemzika mtoto, nimemzika mume, nimewazika wazee wangu, na asubuhi yake niliamka nikachemsha maji. Naweza kubeba zaidi ya unavyodhani. Nami ukinipigia ukaniuliza hali, sitakwambia njema tu kama si njema. Nitakwambia leo nimelia, au leo nimegombana na bosi, au leo niko sawa, na itabidi uniamini na usirudi mbio kwa basi la usiku. Itakuwa vigumu kwako. Kwangu pia. Tutakosea, tutarudia.

Nilifikiria kuitia barua hii sandukuni, chini ya nguo, uikute Eldoret wakati huwezi tena kugeuka. Ingenirahisishia sana. Ungeshakuwa umeandikishwa, ungekasirika siku mbili tatu, kisha ungeshika masomo. Lakini hivyo ndivyo tulivyokufanyia mimi na babako. Tulikupa habari wakati huna la kufanya nazo, tukaita ni mapenzi.

Basi nitakupa kesho asubuhi kwenye chai, kabla hatujaita gari la stesheni. Nitakaa mbele yako wakati unasoma. Sitakwenda jikoni, sitajifanya nakunja nguo, sitakuambia chai inapoa. Ukimaliza, sema unalotaka kusema, liwe la kwenda au la kubaki au la kunikasirikia, na usilitengeneze kwanza. Na ukitaka kulia, mwanangu, usiingie chumbani. Lia hapa, nikuone.

Mimi,
mamako